Njia ya Watu Wote Katika Shamba la Mtu Mmoja

Mgeni atembeaye katika mashamba ya Uingereza huona jambo ambalo humshangaza. Kando ya barabara imesimikwa nguzo fupi ya mbao, na ubao wake unaelekea katikati ya shamba la ngano. Hapana barabara upande huo, wala nyumba. Pana ua wa miti tu, na katika ua huo vipandio viwili vya mbao vya kuvukia. Mara huja mzee na mkewe, wamevaa viatu vya kukanyagia matope, na mbwa wao amefungwa kamba. Wanapanda vipandio, wanaingia katika ngano ya mtu wasiyemjua, na kwenda zao polepole wakizungumza. Mwenye shamba yuko juu ya trekta yake. Anawaona, huenda akawapungia mkono, kisha anaendelea na kazi.

Je, wazee hao wameomba ruhusa? Hawakuomba, wala haiwapasi kuomba. Shamba ni mali ya mwenyewe kwa hati, na ngano ni yake hata suke la mwisho; lakini kupita juu ya ukanda ule mwembamba wa udongo ni haki ya kila mtu, awe mwenyeji au mgeni, tajiri au maskini. Katika Uingereza na Wales njia za namna hii zilizoandikwa katika ramani za sheria zina jumla ya maili 140,000 hivi. Yafaa kueleza haki hiyo ilitoka wapi, na namna iwezavyo kupotea, nasi tutatwaa kijiji kimoja kiwe mfano wetu.

Kijiji hicho huitwa Selborne, nacho kiko katika jimbo la Hampshire, kusini mwa nchi. Kina barabara moja, kanisa moja, na kiwanja kidogo kiitwacho Plestor, jina ambalo maana yake ya kale ni mahali pa kuchezea. Mtu atakaye matembezi mepesi huanzia hapo. Hupita katika uwanja wa kanisa, ambamo limo shina la mti uliokuwa mashuhuri kwa ukubwa na umri. Ulipopimwa katika karne ya 18 mzunguko wake ulizidi futi 23. Tufani ya Januari 1990 ikauangusha. Nyuma ya kanisa njia huteremka hata kijito, huvuka malishoni, kisha huingia katika msitu ulioko ubavuni mwa kilima. Mtu akiendelea mbele hufika penye shamba ambapo zamani palikuwa na nyumba ya watawa iliyojengwa mwaka 1233 na kufungwa kabla karne ya 15 haijaisha. Mwendo huo wote hautimizi saa moja, hata kwa mtu mwenye kusimamasimama.

Upande wa pili wa kijiji pana kilima cha mawe ya chokaa, kirefu kupita kijiji kwa futi 300 hivi, kilichofunikwa na miti mirefu yenye gome laini la kijivu. Mteremko wake ni mkali. Mwaka 1753 ndugu wawili, Gilbert White na John White, walikata njia ya kupanda kilima hicho kwa kupinda huku na huku mithili ya nyoka, ili mtu apande bila kuhema sana. Njia hiyo ingali yatumika hata leo.

Huyu Gilbert White alizaliwa Selborne mwaka 1720, akawa kasisi, na akaishi hapo sehemu kubwa ya maisha yake. Kazi yake kubwa, mbali na ibada, ilikuwa kutembea katika njia hizo hizo na kutazama. Alitambua kwa kusikiliza sauti tu kwamba ndege wadogo ambao watu waliwadhani kuwa aina moja ni aina tatu. Barua zake zilipigwa chapa mwaka 1789 katika kitabu kiitwacho The Natural History of Selborne. Jambo moja lilimsumbua mpaka mwisho: mbayuwayu huenda wapi wakati wa baridi? Alijua kwamba wengine husafiri, lakini hakuacha kushuku kwamba baadhi yao hujificha papo hapo kijijini. Jibu lilikuja mwezi wa Desemba 1912, wakati mbayuwayu aliyevikwa pete mguuni huko Uingereza alipopatikana Natal, kusini mwa Afrika. Hivyo ndege wa paa la nyumba yake walikuwa wakilikata bara letu zima kila mwaka, na yeye akiwatafuta vichakani! Alifariki mwaka 1793, na jiwe la kaburi lake ni dogo, lina herufi mbili za jina lake na tarehe tu.

Sasa turudi kwenye njia. Hapo kale watu wa vijijini hawakutembea kwa kupumzika. Walikwenda kanisani, walipeleka nafaka kwenye kinu, walikwenda kazini katika mashamba ya wengine, walichukua maiti kwenda kuzika. Kila mmoja alipita pale palipo karibu, na miguu ya vizazi vingi ikafanya njia. Sheria ya Kiingereza ilikubali jambo hilo: watu wakipita mahali kwa muda mrefu, na mwenye ardhi asiwazuie, huhesabiwa kwamba amewapa njia. Siku hizi muda huo ni miaka 20 isiyokatika. Ni lazima watu wawe wamepita bila kutumia nguvu, bila kujificha, na bila kupewa ruhusa. Sharti hilo la tatu huwashangaza wengi, lakini sababu yake ni nyepesi: aliyepewa ruhusa amekiri kwamba njia ni ya mwingine. Kwa hiyo wako wenye mashamba ambao hufunga lango lao siku moja tu kila mwaka, au hutundika tangazo, ili miaka 20 isitimie. Hawavunji sheria, wanailinda mali yao kwa namna sheria inavyowaruhusu.

Na njia ikiisha kuwa ya watu wote, haifi kwa sababu ya kutopitwa. Hata miiba ikiota juu yake miaka mia, haki ingali ipo chini ya miiba, mpaka ifutwe kwa amri ya sheria. Hapo ndipo penye historia yenye uchungu. Katika karne za 18 na 19 ardhi nyingi za shirika zilizungushiwa ua na kugawanywa kwa amri ya Bunge. Mwaka 1815 sheria ilitungwa iliyowawezesha mahakimu wawili kufunga njia wanayoiona haina haja. Mahakimu wa vijijini wa siku hizo wengi wao walikuwa wenye ardhi wenyewe, na haikuwa vigumu mtu kumwomba jirani yake sahihi. Njia nyingi zilipotea hivyo. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanya kazi, walipanda mlima wa Kinder Scout katika Derbyshire pasipo idhini, wakagongana na walinzi wa wenye ardhi, na vijana watano wakafungwa gerezani.

Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria kwamba kila baraza la jimbo liandike njia zote za watu wote katika ramani maalum. Wanakijiji waliulizwa, wazee wakaonyesha, na mistari ikachorwa. Njia iliyomo katika ramani hiyo haibishaniwi: ramani yenyewe ni ushahidi. Ndiyo maana katika Selborne, na kila mahali, utaona mishale midogo juu ya nguzo na malango. Wa rangi ya manjano ni wa njia ya miguu, na wa buluu huruhusu farasi na baiskeli pia.

Mwenye shamba ana wajibu wake. Akilima kukatiza njia ipitayo katikati ya shamba, hupewa siku 14 kuirudisha ionekane, yenye upana wa meta moja kwa uchache. Na akiligusa tena kwa mazao yale yale, saa 24 tu. Njia ipitayo pembeni mwa shamba haruhusiwi kuilima kabisa. Haruhusiwi pia kuacha fahali wa ng'ombe wa maziwa aliyepita miezi kumi katika malisho yenye njia. Mpita njia naye ana yake: aache lango kama alivyolikuta, amzuie mbwa asisumbue kondoo, asitupe taka, asitoke nje ya mstari na kukanyaga mimea. Akitoka nje ya mstari, mwenye shamba ana haki ya kumwambia arudi. Pengine mtu atadhani haya ni mambo madogo. Lakini mwulize mfugaji ambaye kondoo wake wenye mimba wamekimbizwa na mbwa.

Hata hivyo ramani zile hazikukamilika. Mahali pengine karani alisahau, au mzee aliyejua alikuwa amekwisha kufa, au wakubwa wa kijiji hawakutaka kumwudhi mwenye ardhi. Mwaka 2000 sheria mpya ilitungwa, iliyofungua milima na nyika nyingi kwa waendao kwa miguu, lakini pia iliweka kikomo: njia za zamani zisizoandikwa hata mwaka 2026 zingeweza kupoteza haki yake. Mwaka 2023 kikomo kilisogezwa hadi 2031, na mwishoni mwa 2024 serikali ilitangaza kwamba inakusudia kukifuta katika Uingereza. Wakati huo wote watu wa kujitolea wamekuwa wakifunua ramani za miaka ya 1800 katika nyumba za kumbukumbu, kuzilinganisha na za leo, na kupeleka madai yao kwenye mabaraza, ambako madai mengi hungoja miaka kadhaa kabla ya kuamuliwa.

Ama njia isiyo na karatasi ya zamani, ushahidi wake ni watu. Kila mwanakijiji hupewa fomu, naye huandika jina lake, mwaka alioanza kupita, mwaka aliopita mara ya mwisho, alikuwa akienda wapi, kama aliwahi kukuta lango limefungwa, kama kuna mtu aliyemwambia rudi. Chini ya maswali hubandikwa ramani ndogo, naye huchora kwa mkono wake mwenyewe mahali alipopita, kisha hutia sahihi.