Taa Nyeupe au ya Njano? Hivi Ndivyo Unavyoweza Kuchagua kwa Kila Chumba

Ukienda duka la vifaa vya umeme ukaomba balbu, swali la kwanza la muuzaji huwa fupi tu: "Nyeupe au ya njano?"

Wengi hujibu "nyeupe" kabla hajamaliza kuuliza. Sababu huwa mbili. Kwanza, taa nyeupe inaonekana kali. Pili, watu wanaamini ya njano inakula umeme.

Sababu ya kwanza ina ukweli kidogo. Ya pili, kwa taa za siku hizi, si kweli. Lakini kwa imani hiyo nyumba nzima, kuanzia jikoni hadi chumbani kwa watoto, inawaka kama zahanati mpaka saa tano za usiku, halafu watu wanashangaa usingizi hauji.

Je, taa ya njano inakula umeme?

Imani hii ilitoka kwenye balbu za zamani, zile za kioo zenye waya mwembamba ndani. Zilikuwa na mwanga wa njano, na ukizishika zinakuunguza vidole. Sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kwenye joto. Baadaye zikaja taa za mirija iliyojikunja, nyingi zikiwa nyeupe, na hizo kweli zilibana matumizi. Watu wakajumlisha: njano ni hasara, nyeupe ni nafuu.

Kwa taa za LED hesabu hiyo imekufa. Kinachokula umeme ni wati, si rangi. LED ya njano ya wati 9 na LED nyeupe ya wati 9 zinatumia umeme uleule.

Piga hesabu mwenyewe. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30, inamaliza uniti 9. LED ya wati 9 kwa muda huohuo inamaliza uniti 1.35. Iwe nyeupe au ya njano, mita haijui.

Ukweli kidogo uliopo ni huu. Ndani ya LED kuna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa bluu, na juu yake umepakwa unga unaobadili sehemu ya bluu hiyo kuwa rangi nyingine. Ili mwanga uwe wa njano, bluu nyingi zaidi lazima ibadilishwe, na kwenye kubadilisha kuna kiasi kinachopotea. Kwa hiyo kwa wati zilezile, nyeupe mara nyingi hutoa mwanga zaidi kidogo. Kidogo tu.

Tafuta namba yenye herufi K

Usitegemee maneno ya kwenye boksi peke yake, maana kila kampuni ina yake. Tafuta namba inayoishia na K, yaani kelvini. Hiyo ndiyo inayotaja rangi ya mwanga.

• 2700K hadi 3000K: njano tulivu. Kwenye boksi huandikwa "Warm White".

• 4000K hivi: katikati, nyeupe isiyochoma macho.

• 6000K hadi 6500K: nyeupe inayoelekea bluu. Mara nyingi huandikwa "Daylight".

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanadhani 6500K ni kali kuliko 3000K kwa sababu namba ni kubwa. Sivyo. Fikiria chuma kwenye moto wa mhunzi. Kikianza kushika moto kinakuwa chekundu, kikizidi kinakuwa cha njano, kikizidi tena kinaelekea weupe. Namba ya K inafuata ngazi hiyo ya rangi. Haisemi mwanga ni mwingi kiasi gani.

Wingi wa mwanga unapimwa kwa lumeni. LED yenye lumeni 800 hivi inatosha kuchukua nafasi ya ile balbu ya zamani ya wati 60. Ukitaka chumba kiwe na mwanga zaidi, ongeza lumeni, usikimbilie weupe.

Usingizi unaingiaje hapa?

Mwili wa binadamu unajua saa kwa kutazama mwanga. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa si kuona picha, bali kuuambia ubongo kama bado ni mchana. Seli hizo zinashtuka zaidi na bluu.

Jua likishazama, mwili huanza kutoa homoni ya melatonini inayouandaa kulala. Ukikaa chini ya taa kali yenye bluu nyingi mpaka usiku, homoni hiyo inachelewa. Unapanda kitandani umechoka, lakini mwili bado unadhani ni jioni.

Tahadhari moja: taa ya njano iliyo kali sana nayo inaweza kuchelewesha usingizi. Usiku unahitaji vyote viwili, njano na hafifu.

Chumba kwa chumba

Chumba cha kulala: 2700K, na isiwe kali. Kama unasoma kitabu kabla ya kulala, weka taa ndogo ya pembeni badala ya kuwasha ya darini.

Sebule: 3000K inafaa kwa jioni, maana ndiyo sehemu ya kupumzika na kupokea wageni. Hoteli nyingi hutumia mwanga huu mapokezini kwa sababu hiyohiyo.

Jiko: 4000K. Hapa unachambua mchele, unaangalia kama nyama imeiva na unashika kisu. Taa iwe mbele yako au juu ya sehemu ya kukatia, si nyuma ya mgongo, la sivyo utakuwa unakata vitunguu kwenye kivuli chako mwenyewe.

Meza ya kusomea: 4000K hadi 5000K, ielekezwe kwenye daftari. Mtoto akimaliza kazi za shule, taa hiyo izimwe, abaki na ya njano.

Bafuni na kwenye kioo: 4000K, na ikiwezekana taa iwe pande mbili za kioo. Taa ya juu peke yake inaweka vivuli chini ya macho na kidevuni.

Korido na choo cha usiku: taa ndogo ya njano. Mtu anayeamka saa nane usiku anahitaji kuona njia asijikwae, hahitaji kuamshwa kabisa. Kama kuna mzee nyumbani, taa hii si anasa. Macho ya uzeeni yanahitaji mwanga zaidi, na kuanguka gizani kunaweza kuvunja nyonga.

Barazani na nje: njano. Wadudu wengi wa usiku, kumbikumbi wakiwemo, huvutwa zaidi na mwanga mweupe wenye bluu. Njano haitawamaliza, ila watapungua. Usichanganye na mbu: wao wanafuata zaidi pumzi na harufu ya mwili, kwa hiyo chandarua kibaki palepale.

Na mwenye chumba kimoja je?

Ushauri wa "chumba kwa chumba" haumsaidii sana mpangaji ambaye chumba chake ndicho jiko, sebule, darasa na kitanda. Kwake, jibu ni kugawa kwa saa.

Weka taa mbili. Nyeupe ya 4000K iwe darini, iwake wakati wa kupika na watoto wanaposoma. Ya pili iwe ndogo, ya njano, ukutani au kwenye kona, hata ya wati 3 tu. Watoto wakishafunga madaftari, ya juu inazimwa na ya chini inawashwa. Wakubwa wanaendelea na maongezi, wadogo wanapata usingizi.

Kama kuna holda moja tu na mwenye nyumba hataki waya wa ziada, zipo balbu za rangi tatu. Ukizima na kuwasha swichi haraka, inahama kutoka nyeupe kwenda njano. Bei yake huwa juu kidogo, lakini inafanya kazi ya taa mbili.

Kabla hujalipa

Mwombe muuzaji aiwashe, na uitazame ikiangaza mkono wako, si ukiwa umeikodolea macho.

Angalia kama ni ya pini au ya kuzungusha, ilingane na holda ya nyumbani.

Ukiona alama ya Ra au CRI, chagua 80 au zaidi. Hiyo inaonyesha taa inavyotoa rangi halisi za vitu. Taa yenye namba ndogo inaweza kufanya nyanya nzuri ionekane imepauka.

Kwa taa za dari zilizo kwenye chumba kimoja, nunua zote za K moja kwa wakati mmoja, na utunze boksi. Ikiungua moja mwakani, utajua namba ya kuomba, na dari haitakuwa na madoa ya njano na nyeupe.

Huna haja ya kubadilisha nyumba nzima kwa siku moja. Anza na balbu moja ya chumba unacholala. Ile nyeupe utakayoitoa, ihamishie jikoni.