Mstari wa Wajir: Je, Uliwakuta Watu Wamegawanyika, au Ndio Uliowagawanya?

Mgeni afikapo Wajir kwa mara ya kwanza hustaajabu kuona visima vingi katika nchi iliyo kavu namna ile. Vimechimbwa kwa mikono katika mwamba wa chokaa, na maji yake hayako mbali chini. Mfugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi huvitegemea wakati wa kiangazi kwa uhai wake na wa mifugo yake. Kwa hiyo wazee wanapobishana ni nani aliyechimba visima hivyo, msomaji asidhani wanapoteza wakati. Wanabishana juu ya nani mwenye haki ya kunywesha hapo.

Ubishi huo unafungamana na mwingine mkubwa zaidi. Zamani za utawala wa Waingereza palichorwa mstari katika nchi ya kaskazini, ukaitwa Mstari wa Wasomali na Wagala. Upande wa mashariki waliwekwa Wasomali, na upande wa magharibi Waborana na wenzao. (Jina hilo la Wagala walipewa na watu wengine, wao wenyewe hawalipendi, nao hujiita Waoromo, ambao Waborana ni sehemu yao.) Swali ni hili: je, mstari ule uliwakuta watu wamekwisha kugawanyika, au ndio uliowagawanya?

Masimulizi ya pande mbili

Waborana husimulia ya kuwa Wajir ilikuwa nchi ya baba zao, na Wasomali walikuja baadaye kutoka mashariki. Masimulizi hayo yana msingi. Katika karne ya 19 Waborana ndio waliokuwa na nguvu katika sehemu hizo, nao walikuwa na umoja na Waajuran, Wagarre, Wagabra na Wasakuye. Katikati ya karne hiyo Wasomali wa ukoo wa Darod walivuka mto Juba, wakawashinda Wawardei. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waogaden na Wadegodia walikuwa wakisogea kuelekea Wajir, wakitafuta maji na malisho. Maofisa wa Serikali walipofika waliwaona Waborana wakisukumwa, wakaandika ya kuwa mstari ungemlinda aliye dhaifu. Kwa maelezo hayo, mgawanyiko ulikuwapo tayari, na Serikali iliuwekea alama tu.

Wasomali nao wana masimulizi yao. Husema visima vilichimbwa na watu wa kale walioitwa Madanle, watu wa kimo kikubwa na nguvu nyingi, kabla Mborana yeyote hajanywesha ng'ombe wake hapo. Tena husema Waajuran, ambao kwa nasaba huhesabiwa miongoni mwa Wasomali, walikaa nchi hiyo tangu kale. Wanahistoria nao wanakubali ya kuwa Waoromo walienea sana kutoka nyanda za kusini ya Ethiopia katika karne ya 16. Basi, wasema Wasomali, Mborana naye alikuja. Na waliosukuma kuelekea magharibi hawakufanya ila kurudi katika nchi ya zamani.

Msomaji ataona ya kuwa kila upande huanza hesabu yake katika mwaka unaoufaa. Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili hulichukua kuwa ni kweli bila kulichunguza: ya kwamba tangu mwanzo palikuwa na watu wa aina mbili, kila mmoja akijulikana wazi, kama chumvi na sukari zilizotiwa katika vyombo viwili.

Waajuran walikuwa upande gani?

Tuwatazame Waajuran. Kwa nasaba ni Wasomali, lakini wengi wao katika Wajir walisema Kiborana nyumbani mwao, wakaishi chini ya ulinzi wa Waborana kwa muda mrefu. Hawakuwa peke yao. Wasomali wana desturi iitwayo sheegat: watu wachache au wenye shida hujiunga na ukoo wenye nguvu, hutumia jina lake, hunywesha katika visima vyake na hupigana upande wake. Baada ya vizazi kadhaa wajukuu wao huweza kuwa wamekwisha kuingia kabisa katika ukoo ule, au nguvu zikigeuka, huweza kulikumbuka jina lao la kwanza na kulirudia.

Hata lugha zenyewe ni ndugu. Ngamia kwa Kisomali ni geel, na kwa Kiborana ni gaala. Mbili ni laba kwa Kisomali na lama kwa Kiborana. Wala dini si mpaka wa milele, kwani Waborana wengi wa Isiolo ni Waislamu siku hizi, walioingia dini hiyo katika karne ya 20.

Basi ofisa alipofungua daftari lake na kumwuliza Mwajuran, “Wewe ni kabila gani?” mtu yule alikuwa na majibu mawili, na yote mawili ya kweli. Daftari lilikuwa na nafasi ya jibu moja. Mwishowe Waajuran walibaki upande wa Wajir, wakahesabiwa pamoja na Wasomali.

Kazi ya mstari

Mipaka ya malisho ilianza kuwekwa mapema katika karne ya 20. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana wengi wa Wajir walihamia Isiolo, upande wa mto Uaso Nyiro. Mwaka 1934 ilitolewa Sheria ya Utawala wa Wilaya Maalum, iliyowapa maofisa uwezo wa kuwawekea watu wa kabila fulani eneo lao, na kutoka nje ya eneo bila ruhusa kukawa kosa.

Hapo ndipo tunapoweza kujibu swali letu. Vita na misukosuko ilikuwapo kabla ya mstari. Mwenye kukana hayo hasemi kweli. Lakini zamani, baada ya vita, watu walioana, walijiunga kwa sheegat, au walifuata mvua na kukutana tena kisimani. Mstari ulichukua hali ya miaka michache, wakati watu walipokuwa bado wanahama, ukaifanya kuwa ya kudumu. Tangu hapo jina la kabila likawa ndiyo hati ya malisho, na mtu mwenye majina mawili akalazimika kutupa moja.

Athari zake hazikwisha pamoja na utawala ule. Ilipotangazwa mwezi wa Machi 1963 ya kuwa Kenya itakuwa na Jimbo la Kaskazini Mashariki, mpaka wake wa magharibi ulikuwa karibu na mstari wa zamani. Vita vilivyofuata, kuanzia 1963 hadi 1967, viliua watu na mifugo pande zote. Sheria ile ya 1934 haipo tena, lakini leo mpaka wa kaunti ya Wajir na ya Isiolo hupita karibu na pale pale, na mji wa Modogashe ungali unabishaniwa. Mwaka 2001 wazee wa sehemu hizo walitoa Azimio la Modogashe, wakaweka kanuni za malisho, maji na fidia kwa wizi wa mifugo, bila kungoja kwanza ubishi wa nani alitangulia uishe.

Njia hiyo yafaa kukumbukwa. Katika baraza la mpaka, mmoja huleta ramani na mwingine huleta habari za babu yake. Wote wasikilizwe, lakini waulizwe maswali mawili: ramani hii ilichorwa mwaka gani, na babu yako alipokuwa akinywesha pale, ni nani mwingine aliyenywesha pamoja naye? Wako wasemao ya kuwa jina lenyewe la Wajir latokana na neno la Kiborana lenye maana ya kuwa pamoja. Jina hilo Wasomali wa Wajir wanalitumia kila siku.