Chura Anayeota Jua

Jua la kiangazi limesimama utosini. Saa kama hii vyura wengi wamejificha topeni au chini ya magogo, kwa sababu ngozi yao hupitisha maji na joto lingewakausha upesi. Lakini chura wa mitini ajengaye povu, *Chiromantis xerampelina*, amejibanza juu ya tawi, peupe kabisa, miguu ameikunja chini ya tumbo.

Huishi kuanzia pwani ya Kenya na Tanzania hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Jike humzidi dume kwa ukubwa na hufikia sentimita 8 hivi. Rangi yake ya kijivu au hudhurungi hufanana na gome la mti, ila jua likizidi hupauka hadi kukaribia weupe, nao weupe hurudisha mionzi. Vidole viwili vya ndani vya mkono huelekeana na viwili vya nje, hivyo hulikamata tawi kama koleo.

Ubahili wake wa maji umeanzia ndani. Vyura wengi hutoa taka za naitrojeni zikiwa yurea, ambayo hutoka na maji mengi. Yeye huzitoa zikiwa asidi ya yuriki, kama ndege na mijusi, na maji hubaki kibofuni. Mwili ukikaribia nyuzi joto 40 ndipo huigusa akiba hiyo: tezi za ngozi hutoa jasho la kumpoza.

Usiku huwinda wadudu. Mvua zikianza, jike huchagua tawi lililoinamia dimbwi, hutoa majimaji na kuyapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yaumuke povu. Madume kadhaa humzonga, wakigombea kuyarutubisha mayai yake, ambayo huwa mamia. Maji yakimwishia, hushuka dimbwini kujijaza, kisha hurudi kazini. Povu hukauka nje na kubaki bichi ndani. Hata hivyo si ngome kamili: chura mdogo *Afrixalus fornasini* hutumbukiza kichwa humo na kula mayai. Yaliyosalimika huanguliwa, na baada ya siku tano hivi viluwiluwi hudondoka majini.

Kwa hiyo chura huyu huweza kumaliza kiangazi bila kulihitaji dimbwi, lakini hawezi kuzaa bila hilo. Anayefukia kidimbwi cha msimu kwa kuwa kimekauka, huwa amekifuta kizazi kijacho cha chura aliye juu ya tawi.