Mvushaji Apimwe Katika Rika Lake

Miongoni mwa mabishano yasiyokwisha katika michezo ya vyuo vikuu vya Marekani ni lile la kuamua nani aliyekuwa mpigaji mwenye nguvu kupita wote katika besiboli. Kila msimu unapomalizika, wazee hulitaja jina la kijana wao wa miaka ya themanini, nao vijana hulitaja la mwenzao wa juzi. Kila upande huja na tarakimu zake, na kila upande huondoka ukiamini kwamba umeshinda. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili hukosea. Tarakimu zao si za uongo. Kosa ni kwamba wanazisoma kama mtu asomaye neno moja lililokatwa kutoka katika sentensi.

Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, mrushaji huutupa mpira mdogo mgumu kutoka umbali wa mita 18 hivi, na mpigaji huungoja akiwa na gongo mikononi. Akiupiga ukapaa na kuvuka uzio wa uwanja, huzunguka vituo vyote bila kuzuiwa na mtu, na timu yake huhesabiwa alama kwa ajili yake na ya kila mwenzake aliyekuwa kituoni. Hapa nitauita huo mpigo wa kuvusha, na bingwa wake nitamwita mvushaji.

Sasa tuzitazame tarakimu. Mwaka 1985, Pete Incaviglia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma alivusha mara 48 katika mechi 75, rekodi ya msimu mmoja ambayo ilikuwa haijavunjwa kufikia mwisho wa msimu wa 2024. Mwaka 2013, Kris Bryant wa Chuo Kikuu cha San Diego alivusha mara 31. Mwaka 2024, Charlie Condon wa Chuo Kikuu cha Georgia alivusha mara 37. Mtoto wa darasa la tatu aweza kuwapanga watu hawa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Lakini je, ni kitu kimoja kilichohesabiwa mara tatu, au ni vitu vitatu vilivyopewa jina moja?

Sisi tunaofundisha isimu huwaambia wanafunzi mapema kwamba neno hukamilika maana katika muktadha. “Kaa” laweza kuwa kitendo, laweza kuwa mnyama wa pwani, tena laweza kuwa kipande cha mkaa unaowaka. Tarakimu nazo ni vivyo hivyo. Hakuna mzazi mwenye busara anayelinganisha mshahara wa mwaka 1970 na wa leo kabla ya kuuliza bei ya unga ilikuwa kiasi gani. Katika besiboli ya vyuo, bei ya unga ni gongo.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya sabini, gongo lilikuwa la mti. Gongo la mti huvunjika, na kila linapovunjika chuo hulazimika kununua jingine. Mwaka 1974, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaruhusu magongo ya alumini ambayo hudumu zaidi. Lililoonekana kuwa jambo la kubana matumizi likaja kuugeuza mchezo wenyewe. Mpira unapoligonga gongo la mti hubonyea, na sehemu kubwa ya nguvu hupotea katika kubonyea huko. Gongo la alumini lina uwazi ndani. Ukuta wake mwembamba hubonyea kidogo pamoja na mpira, kisha hurudi na kuusukuma, mithili ya kitanda cha kamba kinavyomrusha mtoto anayerukaruka juu yake. Isitoshe, gongo hilo ni jepesi upande wa mbele, hivyo mpigaji huweza kulizungusha upesi zaidi.

Incaviglia alikuwa mwana wa enzi hiyo, na enzi yenyewe ilikuwa bado haijafika kileleni. Mwaka 1997, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana ilivusha mara 188 katika msimu mmoja, na Lance Berkman wa Chuo Kikuu cha Rice peke yake alivusha mara 41. Mwaka uliofuata, katika fainali ya ubingwa mjini Omaha, Chuo Kikuu cha Southern California kiliwashinda Arizona State kwa alama 21 kwa 14. Mtu aliyesikia matokeo hayo bila kuambiwa mchezo angedhani ni ya raga.

Wakuu walishtuka, si kwa ajili ya heshima ya mchezo tu, bali pia kwa usalama wa mrushaji, ambaye mpira ukimrudia kwa kasi hana muda wa kujikinga. Kuanzia 1999 magongo yalipunguzwa unene, na ikaamriwa kwamba idadi ya aunsi za uzito wake isipungue idadi ya inchi za urefu wake kwa zaidi ya tatu: gongo la inchi 34 lisiwe chini ya aunsi 31. Mwaka 2011 kikaja kipimo kikali zaidi, kilicholazimisha gongo la alumini liurudishe mpira kwa nguvu inayokaribiana na ya gongo la mti. Wastani wa mipigo ya kuvusha kwa kila timu katika kila mechi ulikuwa 0.94 mwaka 2010. Mwaka 2011 ukaporomoka hadi 0.52, na kufikia 2014 ulikuwa 0.39 tu. Katika mashindano yote ya mwisho yaliyochezwa Omaha mwaka huo wa 2014, ni mipigo mitatu pekee iliyovuka uzio.

Ni katika ukame huo ndipo Kris Bryant alipovuna 31. Msomaji asiipite tarakimu hii haraka. Mwaka huo wa 2013 kulikuwa na timu 296 katika daraja la kwanza la vyuo, na kijana huyu mmoja alivusha mara nyingi kuliko timu 223 kati ya hizo. Sizungumzii mchezaji mmojammoja wa timu hizo, bali timu nzima, na wapigaji wake wote wakijumlishwa.

Kisha mizani ikageuka tena. Mwaka 2015 vyuo vilianza kutumia mpira wenye mishono iliyolala zaidi, ambayo kimo chake kilipunguzwa kutoka inchi 0.048 hadi 0.031. Mpira wa namna hiyo hupata upinzani mdogo wa hewa na huruka mbali zaidi. Mipigo ya kuvusha ikaongezeka, na kufikia wakati wa Condon, 2024, timu ya kawaida ilikuwa ikivusha zaidi ya mara moja kwa kila mechi. Kwa kuwa msimu wa kawaida una mechi hadi 56, hata timu ya wastani ingeweza kumpita mvushaji mwenye 37. Condon alikuwa bora wa mwaka wake, hilo halina ubishi, lakini alivuna katika mwaka wa mvua.

Hapo ndipo ninapoleta kipimo ambacho jamii zetu nyingi zinakijua tangu jadi, nacho ni rika. Mtu hushindanishwa na wale waliotahiriwa naye, waliokula njaa ileile na kupigana vita vilevile. Mvushaji naye aulizwe kwanza: wenzako waliokuwa na gongo kama lako na mpira kama wako walifanya nini? Kwa kipimo hicho, mimi ningemtaja yule wa 31 kabla ya yule wa 37, na ningesita sana kabla ya kumweka chini ya yule wa 48, ambaye alipiga wakati kila gongo lilikuwa likimsaidia mwenyewe.

Wapo watakaorukia upande wa pili na kudai kwamba 48 ya Incaviglia ni ya bati, basi ifutwe. Huo nao ni uonevu. Alitumia chombo kilichoruhusiwa na sheria, kilekile walichotumia wapinzani wake, na hakuna miongoni mwao aliyefika 48. Zaidi ya hayo, mwaka 1986 aliingia moja kwa moja katika ligi kuu ya kulipwa, ambako gongo ni la mti, na katika msimu wake wa kwanza akavusha mara 30. Alumini ilimwongezea nguvu. Haikumpa nguvu ambazo hakuwa nazo.

Nakiri kwamba rika pia si mizani kamili. Viwanja havilingani, wala hewa ya nyanda za juu si sawa na ya bondeni. Anayecheza mechi 75 ana nafasi nyingi kuliko anayecheza 60. Tukirudi nyuma zaidi, kabla ya alumini, tunakuta miongo ambayo vyuo vingi vya Kusini havikuwapokea wanafunzi weusi. Rika lililofungiwa mlango nusu haliwezi kutoa bingwa wa vijana wote. Lakini upungufu wa mizani hii ni sababu ya kuitumia kwa uangalifu, si ya kurudi kwenye kuhesabu vidole.

Jambo hili si la Wamarekani pekee. Sisi wenyewe tumeliona katika riadha. Eliud Kipchoge alipomaliza mbio za marathon mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40, muda huo haukuandikwa kama rekodi ya dunia kwa sababu ya jinsi mbio zilivyoandaliwa. Mwaka 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka kikomo cha milimita 40 kwa unene wa soli ya kiatu cha mbio za barabarani. Kiatu kwa mkimbiaji ni kama gongo kwa mvushaji. Anayewacheka wakongwe waliokimbia kwa viatu vyembamba, au anayewabeza vijana kwa kuwa na viatu vizuri, anamlaumu mtu kwa mwaka aliozaliwa.

Kwa hivyo pendekezo langu ni dogo. Kila rekodi iandikwe pamoja na mwaka wake, aina ya chombo kilichotumika, na wastani wa wenzake wa msimu huo. Mstari utarefuka kidogo, lakini utakuwa sentensi kamili. Vijana hawa hupimwa, husifiwa na hata hulipwa kwa kulinganishwa na waliowatangulia. Haki ya chini kabisa tunayoweza kuwatendea, wao na wazee wao, ni kutotumia pishi mbili tofauti kisha tukadai kwamba tumepima mchele uleule.