Umecheka, umetuma: mwenyewe ni nani?

Vichekesho na nyimbo husafiri mbio kuliko majina ya waliozitunga. Wimbo mmoja uliopata sifa kwa sauti ya Mtaita waonyesha hasara yake

SIKU hizi kichekesho hakingoji gari. Kikizuka Nairobi asubuhi, kabla ya chai ya saa nne kimeshapanda milima ya Taita, kikapita Mwatate na Wundanyi na kuingia Werugha, ambako wajukuu wanamwonyesha nyanya yao jikoni. Nyanya akishacheka, simu inabonyezwa tena: kichekesho kinashuka kwa shangazi aliye Mombasa na kwa binamu anayesoma chuo kikuu kule Voi. Hakuna nauli, wala hakuna utingo wa kugombana naye.

Jambo hili ni jema. Jamaa waliotawanywa na kazi na masomo hucheka pamoja kana kwamba wameketi mkeka mmoja. Hata hivyo, msomaji, kuna swali dogo ambalo wengi wetu hatuliulizi kabla ya kubonyeza: kitu hiki ni cha nani?

Ndovu na birika

Chukua mfano wa video ya kwanza kabisa kuwekwa katika YouTube. Iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005, na urefu wake ni sekunde 19 tu. Ndani yake Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi wa YouTube, amesimama mbele ya ndovu katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, akisifu urefu wa mikonga yao. Basi! Mtu wa Voi, ambaye huwaona ndovu wa Tsavo akiwa safarini, na ambaye anajua wanavyoweza kumaliza shamba la mahindi usiku mmoja, atauliza: ni hayo tu? Naam, ni hayo tu. Lakini jina, tarehe na mahali vilihifadhiwa, na leo video hiyo ni historia.

Kioja kingine ni cha birika la kahawa. Mwaka 1991 wataalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kuifuata kahawa na kukuta imekwisha. Wakaelekeza kamera kwenye birika, ili kila mtu alichungulie akiwa mezani pake. Mwaka 1993 picha hiyo ikaingizwa kwenye intaneti, na watu wa mbali, ambao hawangeonja hata tone, wakawa wanatazama kahawa ikipungua! Kamera ilizimwa mwaka 2001, na birika lile kuukuu likauzwa kwa mnada kwa pauni 3,350. Mnunuzi hakulipia bati na kioo. Alilipia hadithi, nayo hadithi ilikuwa na thamani kwa sababu ilijulikana ilikotoka.

Ubishi wa Malaika

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1960 Fadhili William, mzaliwa wa Taita Taveta, alirekodi wimbo Malaika pamoja na bendi yake, Jambo Boys. Jina lake kamili lilikuwa Fadhili William Mdawida, na Mdawida ndivyo Mtaita anavyojiita kwa lugha yake mwenyewe. Wimbo huo wa kijana anayependa lakini hana mali ya kuoa uliondoka Afrika Mashariki ukazunguka dunia. Miriam Makeba aliuimba, tena akaurekodi na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965. Boney M wakauimba mwaka 1981, naye Angélique Kidjo wa Benin akautoa upya mwaka 1991.

Lakini uliza ni nani aliyeutunga, nawe umewasha moto. Fadhili alisema ni wake. Wengine wanashikilia kwamba ulitungwa na Mtanzania Adam Salim katika miaka ya 1940, na wengine wanamtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haukuzikwa naye. Huu si ubishi wa sifa pekee. Fedha za wimbo hufuata jina lililoandikwa. Asiyeandikwa hubaki kusimulia barazani.

Huko Afrika Kusini mambo yalikuwa machungu zaidi. Solomon Linda alirekodi wimbo wake Mbube mwaka 1939. Ulipofika Marekani uligeuzwa maneno na kuingiza mamilioni ya fedha, huku Linda akifariki maskini mwaka 1962. Familia yake ilifikia mapatano ya kulipwa mwaka 2006, miaka 44 baada ya kifo chake.

Na ngoma zetu je?

Siku hizo wimbo ulihitaji studio na santuri ili usafiri. Leo mjukuu aliyekuja Werugha likizoni aweza kumrekodi mzee akiimba kwa Kidawida, au kikundi kikipiga ngoma ya mwazindika, na kabla ya jua kutua watu wa London wanaitazama. Ikifika huko bila maelezo, inaitwa “ngoma ya Kiafrika” na kuishia hapo. Mpigaji hajulikani, kijiji hakijulikani, na siku akitokea mtu wa kuitia katika tangazo la biashara, hakuna wa kuulizwa.

Dawa yake haina gharama. Omba ruhusa kwanza kwa anayeimba. Kisha andika jina lake, kijiji chake, mwaka, na kama wimbo ni wake au aliurithi kwa wazee. Ukiletewa kitu kisicho na jina, uliza aliyekutumia alikitoa wapi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kufariki. Lakini sheria itamlindaje mtu ambaye hakuna anayemjua?

Mboga za milima ya Taita zikiteremshwa Mombasa, mnunuzi huuliza zimetoka wapi ndipo atoe pesa. Iweje wimbo wa mzee upewe heshima ndogo kuliko kabeji? Cheka, tuma, furahisha jamaa zako. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.