Kabla hujampa fundi laptopu apige Windows, soma hii kwanza

"Dada, kuna vitu vya muhimu humu ndani?"

Fundi aliniuliza hivyo akiwa ameshachomeka flashi yake. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Hapana kaka, vitu vyangu vyote viko D."

Jioni nikaenda kuichukua laptopu. Inawaka haraka, haigandi tena, safi kabisa. Tatizo likawa moja tu: ripoti yangu ya utafiti ya mwaka wa mwisho chuoni haikuwepo. Niliihifadhi kwenye Desktop, na sikujua kwamba Desktop nayo iko ndani ya C. Nilichobaki nacho ni nakala ya zamani niliyowahi kumtumia msimamizi wangu kwa barua pepe, ikiwa pungufu sura mbili.

Fundi hakukosea. Aliuliza, mimi ndiye nikamjibu kitu nisichokijua.

Nalikumbusha hili kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za nyumbani sasa zinahamishiwa mfumo mwingine. Uwe unakwenda kwa fundi au unataka kujaribu mwenyewe, haya ndiyo ya kujua.

Kupiga Windows ni kufanya nini hasa?

Windows ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiwezesha kompyuta kuwaka na kuendesha programu nyingine zote. Kupiga Windows ni kuuondoa mfumo wa zamani na kuweka mpya, mara nyingi kwa kuifomati kwanza sehemu ya diski unapokaa.

Sehemu hiyo ndiyo C. Na humo C hakuna Windows peke yake. Kwa kawaida Desktop, Documents, Downloads, Pictures na Videos zote zimo humo, labda uwe umezihamisha mwenyewe. C ikifomatiwa, zinaondoka nazo.

Unataka kuhakikisha? Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya faili lako, chagua "Properties", kisha soma palipoandikwa "Location". Ikianza na C, faili hilo liko hatarini.

Kompyuta nyingi pia hazina D kabisa, diski yote ni C. Na hata kama D ipo, mtu akikosea akafuta sehemu zote wakati wa kupiga, nayo inaondoka.

Je, ni lazima kupiga?

Si kila mara. Kompyuta inaweza kuwa nzito kwa sababu diski imejaa, programu nyingi zinajiwasha zenyewe au kuna virusi. Anzia hapo.

Sababu nyingine ni diski yenyewe kuchoka. Ukisikia diski inagonga "tik, tik", au mafaili mengine yanagoma kufunguka, Windows mpya haitakusaidia. Toa vitu vyako haraka, kisha badilisha diski. Na kama mashine yako bado inatumia diski ya zamani ya kuzunguka, kuweka SSD mara nyingi kunaongeza kasi kuliko kupiga Windows mara tatu.

Ipo pia njia ya katikati. Ndani ya Settings, kwenye ukurasa wa "Recovery", kuna "Reset this PC". Ukichagua "Keep my files", Windows inajisafisha na kukuachia mafaili yako, ingawa programu ulizoweka zitaondoka. Itakuuliza pia kama ishushe Windows mpya kutoka intaneti au itumie iliyomo kwenye mashine. Kama bando ni la kubana, chagua "Local reinstall".

Lakini hata kwa njia hii, hifadhi vitu vyako kwanza. Umeme ukikatika katikati na betri imekufa, hakuna wa kumlaumu.

Okoa vitu vyako kwanza

Kabla mtu yeyote hajachomeka flashi ya Windows, fanya haya:

1. Nakili folda nzima yenye jina lako. Fungua C, ingia "Users", utaiona. Humo ndimo mna Desktop, Documents, Downloads na picha zako. Ipeleke kwenye diski ya nje au flashi kubwa. Vile visivyo vingi lakini vya thamani, kama vyeti, ripoti na mikataba, viweke pia Google Drive, ambayo inakupa GB 15 bure.

2. Fungua nakala zako uone kama zinafanya kazi. Chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine, fungua faili mbili tatu. Kunakili bila kuhakiki ni kama kufunga mlango bila kujaribu kitasa.

3. Angalia pasiwedi na tovuti ulizohifadhi kwenye Chrome. Kama hukuingia kwa akaunti yako ya Google na kuruhusu zihifadhiwe huko, zitapotea.

4. Kama una programu ya mauzo au ya hesabu za duka, usidhani kumbukumbu zake ziko Documents. Nyingi zinazificha mahali pengine. Ingia ndani ya programu yenyewe, tafuta sehemu ya "Backup", hifadhi kutoka huko. Daftari la madeni ya wateja likipotea, hiyo ni hela yako imepotea.

5. Tafuta ufunguo wa BitLocker. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni diski zake zimefungwa kwa mfumo huu bila mwenyewe kujua. Fundi akigusa baadhi ya mipangilio, mashine inaweza kudai namba ndefu ya tarakimu 48. Bila namba hiyo, mafaili hayafunguki. Kama uliwasha kompyuta kwa akaunti ya Microsoft, ingia account.microsoft.com ukaitafute, kisha iandike kwenye karatasi.

Na kama kompyuta haiwaki kabisa mpaka Windows? Usikate tamaa. Fundi anaweza kuiwasha kwa flashi yenye Linux bila kuiweka kwenye diski, akaingia C na kutoa mafaili yako. Mwombe afanye hivyo kabla ya kufomati. Ukiona anashangaa unaongea nini, tafuta fundi mwingine.

Ukiamua kupiga mwenyewe

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa yote. Unahitaji pia kompyuta nyingine inayofanya kazi, na bando la kutosha, kwa sababu faili la Windows 11 linazidi GB 5.

Ingia kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, pakua programu iitwayo Media Creation Tool, nayo itakuandalia flashi. Usichukue Windows kwenye tovuti usizozijua.

Kisha chomeka laptopu kwenye umeme, weka flashi, iwashe huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, kwa HP ni F9 au Esc. Chagua flashi yako na ufuate maelekezo.

Utafika kwenye skrini inayoorodhesha sehemu zote za diski. Hapo ndipo pa hatari, kwa sababu majina ya C na D uliyoyazoea huenda usiyaone. Utaona namba na ukubwa tu. Kwa hiyo kabla hujaanza, piga picha kwa simu ukurasa wa "This PC" unaoonyesha ukubwa wa C na D. Picha hiyo itakusaidia kujua ipi ni ipi. Flashi nyingine na diski ya nje zichomoe zote, usije ukafuta hata ile nakala uliyohifadhi.

Ukishabonyeza "Delete" au "Format" na kukubali, hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Vipi kuhusu leseni?

Wengi hawajui hili: kama laptopu yako ilikuja na Windows 10 au 11 halali, leseni imefungamana na mashine yenyewe. Ukiombwa namba ya leseni, chagua "I don't have a product key", weka toleo lilelile lililokuwepo, Home kwa Home au Pro kwa Pro. Ukiunganisha intaneti, Windows itajitambua.

Ogopa zile programu ndogo za "kuamsha" Windows bila leseni. Nyingi zinakutaka uzime kwanza ulinzi wa virusi, na hapo ndipo mwizi anapofunguliwa mlango. Baadhi zimewahi kukutwa na virusi vinavyoiba pasiwedi. Kama kwenye kompyuta hiyo hiyo unaingia benki au barua pepe ya kazini, piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo muulize fundi waziwazi: "Kaka, hii Windows unaiweka kwa leseni ipi?" Windows isiyo na leseni inawaka na kufanya kazi, ila inakuwekea maandishi ya kukukumbusha pembeni ya skrini na kukunyima baadhi ya mipangilio.

Mashine ikikataa Windows 11

Windows 11 inadai RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, kwa sehemu kubwa ni kuanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi za mtumba haziwezi kupita hapo.

Wapo mafundi wanaoilazimisha iingie. Inawezekana, lakini Microsoft haikuhakikishii kwamba mashine hiyo itaendelea kupokea masasisho.

Una njia nyingine mbili. Ya kwanza ni kubaki na Windows 10 na kujiunga na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026.

Ya pili ni Linux. Toleo kama Linux Mint ni la bure kabisa, halihitaji leseni, na linakuja na LibreOffice inayofungua mafaili ya Word na Excel. Tahadhari: waraka wenye majedwali mengi unaweza kuvurugika mpangilio, na Microsoft Office ya kawaida haiingii moja kwa moja. Uzuri wake, unaweza kulijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kuliweka. Kama kazi zako ni intaneti, kuandika na kuangalia muvi, huenda usione tofauti kubwa.

Kama mafaili yameshafutwa

Zima kompyuta. Usiendelee kuitumia, usipakue programu ya kurejesha mafaili kwenye diski hiyo hiyo, maana kila kitu kipya kinaweza kukanyaga cha zamani. Kwa diski ya kuzunguka, fundi mzoefu anaweza kupata baadhi ya vitu. Kwa SSD uwezekano ni mdogo sana, kwa sababu yenyewe husafisha nafasi zilizofutwa.

Mimi sura zangu mbili niliziandika upya, usiku, na tarehe ya kukusanya imebaki wiki moja. Siku hizi fundi akiniuliza kama kuna vitu vya muhimu, namwambia: "Vipo kaka, subiri kwanza." Nachomeka diski yangu ya nje, nafungua nakala, nazisoma. Nikishaziona kwa macho yangu, ndipo namwambia apige.