Mto Ulipimwa Wapi, na Lini?

Kabla ya kuamini takwimu za utafiti wowote, hutazamwa kwanza mahali na wakati zilipochukuliwa. Anayepima kina cha mto Ruaha Mkuu wakati wa kiangazi pale Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, penye mashamba ya vitunguu kando ya barabara iendayo Iringa, hapimi mvua ya bonde la Usangu, sehemu ya juu ya mto. Kijiji kiko chini ya bwawa la Mtera, na maji yapitayo hapo msimu huo kwa sehemu kubwa ni yale yaliyofunguliwa bwawani. Kipimo chaweza kuwa sahihi kabisa, hitimisho likapotoka.

Mwaka 1993 mto huohuo ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, juu ya Mtera. Miaka hiyohiyo mabwawa ya Mtera na Kidatu, yenye mitambo ya megawati 80 na 204, yakapungukiwa maji, na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Kwa kuwa mambo hayo mawili yalifuatana, yakafanywa jambo moja: wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu wakabebeshwa lawama ya giza la Dar es Salaam.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa mradi wa RIPARWIN, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, waliangalia majira. Mtera hujazwa na mafuriko ya msimu wa mvua. Maji yanayokosekana hifadhini kiangazi ni machache mno kuamua ujazo wa bwawa. Upungufu wa bwawa ulielezwa zaidi na namna maji yalivyoachiwa kwenda Kidatu. Hata hivyo, wakulima hawakusafishwa kabisa. Mifereji inayochota maji kiangazi ina mkono katika kukauka kwa mto hifadhini, na viboko ndio wanaoumia. Lakini hilo ni dai jingine, na linataka ushahidi wake.

Msomaji huuliza pia nani ananufaika na jibu. Mzalisha umeme hupenda chanzo kiwe juu ya mto. Mkulima wa juu hupenda kiwe bwawani. Maslahi hayo hayabatilishi vipimo, ila huonyesha pa kukagua mara mbili.

Hata hivyo wafugaji waliamriwa kuondoka Usangu mwaka 2006, matokeo ya watafiti wa RIPARWIN yakiwa yamekwisha kutolewa.